Nyuma ya Mnara wa Kalenda

Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na juu ya cherehani yake ilining'inia kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha mimi nikiwa darasa la pili. Muuza vitambaa ndiye aliyempa. Miezi yote ilishachanwa, ikabaki picha peke yake, yenye jina la mji pembeni: daraja la mawe, mto chini yake, na ng'ambo ya mto mnara mrefu wa saa katikati ya nyumba za kale. Kwa kuwa daftari lilikuwa halionekani kila linapohitajika, mama aliandika vipimo vya wateja kwenye ile picha kwa penseli. Kiuno, bega, urefu wa mkono. Mto wote ukajaa tarakimu.

"Sasa nyuma ya huo mnara kuna nini?" alikuwa akiuliza huku uzi uko mdomoni. Aliwauliza wateja, akamuuliza mtengeneza cherehani, akamuuliza hata mkaguzi wa leseni. Mteja mmoja alimjibu, "Fundi, nyuma ya mnara kuna gauni langu uliloniambia litakuwa tayari Jumatano." Mama alicheka mpaka akaangusha sindano, tukaitafuta sote kwa magoti.

Mdogo wangu, kitinda mimba, alirithi ugonjwa huo wa kuuliza. Ndiyo sababu tukamwita Maswali. Juu ya hapo aliongeza wa kwake wa kuhesabu: ngazi, nguzo, hatua za kutoka mlangoni kwetu hadi shuleni. Ukimtuma chumvi alirudi na chumvi pamoja na idadi ya milango aliyoipita. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipopata nafasi ya kwenda nje kusomea upimaji wa ardhi. Na katika nchi zote za dunia, Mwenyezi Mungu akampeleka katika nchi ya mji ule wa kwenye kalenda. Siku ya kuondoka, wengine walimuusia asome kwa bidii. Mama alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Baba, ukipata wasaa, nenda ukanichungulie nyuma ya mnara."

Wasaa haukupatikana kwa miaka miwili. Chuo kilikuwa mbali na mji huo, saa nne kwa treni, na masomo yalimbana. Mwaka wa tatu, Ijumaa moja, tukapata ujumbe wake wa sauti kwenye simu ya mama: "Mama, nina mtihani wa mwisho Jumatatu, na kichwa kimejaa, hakiingii kitu tena. Nimeamua nipumzike siku mbili. Kesho naingia ndani ya kalenda yako."

Mama aliisikiliza sauti hiyo akiwa kitandani hospitalini, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Alikuwa amelazwa tangu Jumanne. Moyo ulikuwa umechoka na maji yalikuwa yameingia kifuani, akawa analala ameegemezwa mito mitatu. Maswali hakujua lolote.

Hakujua kwa sababu kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: aliye masomoni hapewi habari mbaya kabla ya mtihani. Aliyeiweka ni mjomba, kaka yake mama. Mwanawe mkubwa aliambiwa msiba wa bibi usiku wa kuamkia mtihani, akafeli, akarudi nyumbani, na mpaka leo hajashika kazi ya maana. Tangu hapo tukawa tunaficha. Maswali alipokuja likizo mara ile moja, aliuliza mbona shangazi haji kumsalimu, tukampeleka makaburini. Tulimzoesha kufika nyumbani akakuta watu wamepungua.

Jumamosi asubuhi nilikaa kando ya kitanda na simu ya mama mkononi. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha upande wa pili, tasbihi inapita vidoleni. Sauti ya kwanza ikaingia.

"Mama, nimefika. Treni imechelewa dakika kumi na saba. Mji una mawe kila mahali, hata barabara ni mawe, viatu vyangu vinalia kama kwato za punda. Vichochoro vyake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nimekwisha pima."

Mama alifumba macho asikilize vizuri. "Irudie," akasema. Nikairudia.

Ya pili ilikuja saa sita. "Niko darajani, mama. Ni lilelile! Lina matao tisa, kwenye kalenda yanaonekana sita tu. Nimelivuka kwa hatua mia mbili na kumi na nne. Mnara nauona, ila upande huu kuna foleni ya watalii na njia ya nyuma imefungwa leo. Nalala hapa kwenye nyumba ya wageni, kesho asubuhi nazunguka. Vumilia kidogo, umengoja miaka mingi."

"Matao tisa," mama akaniambia. "Umesikia? Wametuibia matatu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja akamwinulia mito. Kilipotulia akanyoosha mkono. "Nipe simu nimjibu."

Mama hakuwa mtu wa kuandika ujumbe. Yeye alibonyeza, akasema, akaachia. Nikamshikia kitufe karibu na mdomo, naye akasema polepole, akipumzika katikati:

"Baba, nimefurahi umefika darajani. Mimi niko hospitali, lakini usiogope. Mungu akipenda utanikuta. Asipopenda, usilie sana. Ukifika nyuma ya mnara nihesabie kila kitu. Usiache hata kimoja."

Kidole changu bado kilikuwa juu ya kitufe. Nikikiachia, sauti inakwenda. Mjomba alikuwa amesimama.

"Usiitume," akaninong'oneza.

"Mjomba, ni maneno ya mama mwenyewe."

"Ana mtihani keshokutwa. Miaka mitatu ya mtoto wa watu unataka kuimwaga kwa nusu dakika? Isikie hiyo pumzi. Hata asingetaja hospitali, angejua." Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionishinda, "Futa, mwanangu. Jumatatu jioni ataongea naye mwenyewe."

Mama alikuwa amelala tena, amefumba macho, anadhani imekwenda. Nilitelezesha kidole pembeni, na sauti ikafutika. Sikutumia nguvu yoyote, kama mtu anayepangusa vumbi la chaki kwenye kitambaa.

Kisha nikaandika: "Mama anasema hongera. Ana wateja wengi leo."

Maswali akajibu papo hapo: "Wateja gani hao wanaomnyima mtu kusema? Mwambie awapime haraka." Baadaye akapiga. Sikupokea. Nikaandika kwamba mtandao mbovu.

Jumapili saa tatu asubuhi ikaja sauti nyingine. Mama alikuwa dhaifu zaidi, lakini alipoisikia simu ikilia alifungua macho.

"Mama, nimefika nyuma ya mnara. Wallahi ni pazuri. Kuna bustani kubwa, maua ya kila rangi, na wanawake wanauza vitambaa vya hariri. Ungekuwepo ungekaa kutwa nzima. Basi, sasa umejua."

Nilimtazama mama nione furaha. Alikuwa amekunja uso kama anapoletewa gauni lililoshonwa na fundi mwingine.

"Maua mangapi?" akauliza.

"Hakusema, mama."

"Wanawake wangapi?"

Nikairudia sauti, idadi haikuwemo.

"Mtoto aliyehesabu matao amefika kwenye bustani akashindwa kuhesabu? Anadanganya huyo." Hakukasirika. Alipumzika kwanza, kisha akaendelea, "Nilimwambia jana anihesabie. Mwambie aseme kweli. Mimi si mtoto mdogo."

Nilimtazama mjomba. Akatikisa kichwa. Nikaandika: "Mama amefurahi sana. Anasema ahsante."

Mama alifariki siku ileile baada ya adhuhuri. Mjomba alimsomea shahada sikioni, nami nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu upande wa kichwani hapakuwa na nafasi. Tulimzika alasiri. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, na watu walipokuwa wakitoa mkono wa pole ililia mara mbili. Maswali alikuwa ametuma picha ya tiketi ya treni ya kurudi chuoni, na maneno: "Niombee dua ya kesho, mama." Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikajibu, kwa mkono uleule: "Nakuombea."

Jumatatu mtihani ulimalizika saa kumi. Saa kumi na robo mjomba akapiga, akamwambia. Nilimsikia akisema "Subira, mwanangu, subira," mara nyingi, kisha akanipa simu.

"Dada," Maswali akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Ile ya nyuma ya mnara, aliisikia?"

"Aliisikia."

"Akasema nini?"

Ningeweza kumwambia alifurahi. Neno hilo nilikuwa nimekwisha liandika mara moja. Lakini kaburi lilikuwa na siku moja tu, na nikaona haya mbele ya Mola wangu. "Alisema unadanganya. Kwa sababu hukuhesabu."

Halafu akanieleza. Nyuma ya mnara hakukuwa na kitu. Mabomu ya vita yaliubomoa upande wa nyuma zamani, ukabaki uso wa mbele tu, umeegemezwa vyuma usianguke. Chini kulikuwa na ua wa mabati, na ndani ya ua lundo la mawe, kila jiwe limepakwa namba kwa rangi nyeupe, yakingoja siku ya kujengwa ambayo haikufika. Mama aliyekaa miaka yote hiyo anauliza, angemwambiaje kwamba ni mabati?

"Na mimi je?" akauliza. "Hakuniachia hata neno moja?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote aliyosema mama, neno kwa neno, nayakumbuka.

"Nitumie."

"Niliifuta."

"Uliifuta."

"Mjomba alisema..." nikaanza, kisha nikaacha, kwa kuwa kidole kilikuwa changu. "Niliifuta mimi."

Akakata simu.

Mtihani alifaulu, tena vizuri. Mjomba aliwasomea majirani matokeo. Maswali alikuja nyumbani mwezi uliofuata, akatupa salamu, akala alichopewa, akamheshimu kila mtu. Mimi aliniita dada kama zamani, ila hakuniuliza chochote, na kwa mtu mwenye jina lake hiyo ni adhabu tosha. Mara moja tu, jioni, alikuja chumba cha kushonea nikitia vifungo. Akasimama mbele ya kalenda. "Alipumzika wapi?" akauliza. "Katikati ya maneno. Alipumzika wapi?" Nilijaribu kumwonyesha. Baada ya "usiogope," nikasema, halafu baada ya "utanikuta." Nilipojaribu kuyasema kwa sauti ya mama, aliinua mkono nisiendelee.

Kesho yake tulikwenda kaburini. Nilitangulia, nikasoma nilichojaaliwa kusoma, nikamwomba Mungu amrehemu mama na anisamehe mimi, kisha nikarudi nyuma hadi kwenye ukuta. Maswali alichuchumaa. Alianza chini kwa chini, nikadhani ni dua, mpaka upepo ulipogeuka nikasikia.

"Vyuma vya kuegemeza kumi na viwili, mama. Mabati arobaini na sita, mawili yameng'oka. Njiwa sikuwawahi, waliruka. Mawe nilifika mia tatu na nane, halafu macho yakashindwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Mengine nitayarudia."

Nilibaki ukutani na simu ya mama mkobani. Hakuniita nisogee, na sikuwa na mdomo wa kuomba.