Mwenye Kisima Ndiye Ashike Kamba

Nina nyumba ya wageni Utemini, hapa Singida mjini, vyumba tisa, na maji ya bomba yanayokuja yakijisikia. Mgeni aliyejipaka sabuni kichwani maji yakakatika huwa hana dini. Nimetukanwa na mchungaji na nimetukanwa na shehe, na sikuona tofauti. Kwa hiyo nikaamua kuchimba kisima uani.

Kosa langu lilikuwa kulitaja jambo hilo mbele ya wifi. Wifi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Amesomea uhasibu, anatunza daftari za maduka kadhaa mjini na zangu pia. Kwenye ada ananihesabu mteja, kwenye kufokewa ananihesabu ndugu. Msemo wake ni mmoja: mali bila daftari huisha bila habari. Marehemu alikuwa akisema dada yake huyo hata akisali lazima aombe risiti.

Akaniuliza huyo mchimbaji atakuwa nani kwangu. Nikamwambia atakuwa mchimbaji. Akavua miwani, na akivua miwani ujue somo linaanza. Nyumba ile naiendesha mwenyewe, kuanzia mashuka hadi chai, kwa hiyo sikuwahi kuajiri mtu na nilikuwa sijui lolote. Mchimbaji akiwa mfanyakazi wangu, alisema, inabidi nijisajili kama mwajiri, nichangie mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ili akiumia kazini mfuko umbebe. Akiwa mkandarasi anayejitegemea, namkata kodi ya zuio kwenye malipo yake, naipeleka serikalini, nampa hati yake, basi. Akiumia ni shauri lake na bima yake, kama anayo.

Nikauliza njia ipi ina makaratasi machache. Akasema ya pili. Nikachagua ya pili kabla chai haijapoa, na huyo mtu mwenyewe nilikuwa hata sijamwona.

Mchimbaji alitoka upande wa Nduguti, Mnyiramba wa miaka sitini na kitu, kamba begani, mtaimbo mkononi, na wanaume wawili wa kuvuta ndoo nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akiangalia ardhi ya uani, mimi hakuniangalia. Alizunguka, akakanyagakanyaga, akachagua mahali palepale nilipopanga kujenga banda la kuku.

Wifi alikuwa amekuja na mkataba wa kurasa mbili na maswali ya kuthibitisha kwamba mzee anajitegemea. Vifaa ni vya nani? Vyangu. Nani anakupangia saa za kazi? Jua. Unaweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yako? Mzee akacheka, akasema mjinga mwingine wa kuingia shimoni bado hajampata. Wifi akaandika "Ndiyo".

Namba ya mlipakodi hakuwa nayo, kwa hiyo wifi akampeleka kuisajili. Walirudi mchana, wifi akiwa amechoka kuliko mzee. Inasemekana alipoulizwa anwani ya biashara alijibu kwamba inategemea wapi pana kiu. Karatasi yake ya namba aliikunja akaiweka ndani ya kofia, na muda wote wa kazi nilimwona akiivua kofia kwa adabu mpya.

Mwisho wa mkataba palikuwa na kifungu ambacho wifi alikitunga kwa upendo: mkandarasi atawajibika mwenyewe kwa ajali, ulemavu au kifo kitakachomtokea kazini. Mzee alivaa miwani yenye mguu mmoja wa uzi, akasoma midomo ikitembea, akafika kwenye kifo, akarudia, akasaini, nami nikasaini chini yake. Nilijisikia mwepesi. Kisha akaniambia asubuhi nije na viatu visivyoteleza.

Nilidhani anatania. Asubuhi nikakuta wamesimamisha miti miwili yenye panda pembeni mwa shimo, na gogo la kuzungushia kamba limelala juu yake. Nyuma yake wamezamisha nguzo fupi ya mti mgumu. Mkia wa kamba ulizungushwa mara mbili kwenye nguzo hiyo, na mzee alikuwa ananinyooshea ncha yake. Wanaume wawili wangezungusha gogo. Mimi ningekaa kwenye nguzo, nikiachia kidogo kidogo wakati anashuka, nikikaza wakati anapanda.

Wifi, aliyekuja kuona kazi ikianza kihalali, akaruka. Aliniambia nikishika kamba hiyo nitakuwa nasimamia kazi, na nikisimamia kazi nitakuwa nimemwajiri, na kurasa mbili zote zitakuwa za kufungia karanga.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Ndoo ya udongo avute yeyote," akasema. "Mimi ananishusha mwenye kisima. Mtu wa kukodi akishtuka anaachia, na wala simlaumu, shimo si lake. Mwenye kisima haachii. Mimi nikifia humo ndani, nani atakunywa maji yake?"

Wifi akafungua mkataba akaanza kutafuta kifungu cha kamba. Mimi nilivua kandambili nikaenda kuvaa raba.

Nilishika kamba ile siku kumi na mbili. Asubuhi namshusha, adhuhuri namtoa ale, baada ya chakula namshusha, jioni namtoa. Wageni walikuwa wakitoka vyumbani na miswaki mdomoni wananikuta nimekaa chini, miguu nimeitanua kwenye nguzo kama mtu anayekamua ng'ombe mkorofi, wakaniomba chai. Niliwaambia chai itangoja, kuna mtu yuko njiani. Mmoja aliondoka bila kuaga. Wifi alikuwa akipita siku mojamoja, anasimama mbali, na anapofika anauliza kwanza kama kuna mtu wa serikali aliyeniona.

Mzee kila akifika juu alinitania. Alisema mikono yangu imezoea mashuka, kamba inaniona mgeni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, aliniambia, na wewe cha kwako kiko mbali kuliko uvungu. Nilianza kumpenda yule mzee, na sikulifurahia hilo, maana ni vigumu kumpenda mtu ambaye umeshasaini kwamba kifo chake hakikuhusu.

Siku ya kumi na mbili alikuwa amefikia jiwe, na Singida ukichimba lazima ufikie jiwe. Adhuhuri akatikisa kamba, tukaanza kumtoa. Amefika katikati, mti mmoja wa panda ukapasuka. Gogo likaruka, mikono ya kuzungushia ikaanza kupiga hewa, na wale wanaume wawili wakafanya kile ambacho mzee alisema watafanya. Waliachia, wakaruka pembeni. Mimi ningekuwa wao ningeruka mbali zaidi.

Kamba ikaanza kukimbia mikononi mwangu. Ningependa kuandika hapa kwamba niliwaza utu, au watoto wake, au Mungu. Niliwaza kisima. Niliona shimo langu limefukiwa, na watu wa Utemini wakipita wakisema pale ndipo alipofia mtu. Nikakaza. Ngozi ya viganja ilitoka, nikanusa kuungua kwake, na kamba ikasimama kwenye nguzo. Chini mzee akapiga kelele mara moja, kisha akatukana kwa Kinyiramba, na hata mimi Mnyaturu nilimwelewa. Wale wawili walirudi wakanisaidia, tukamvuta kwa mikono mitupu. Alitoka akiwa mzima isipokuwa mguu wa kushoto, uliogongwa kwenye jiwe na kuelekea upande usio wake.

Tulimpakia kwenye bajaji. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kabla sijapanda niliwaambia wangoje, nikarudi ndani kuchukua mkoba. Kwenye mkoba mlikuwa na mkataba. Mtu anaugulia kwenye bajaji, viganja vyangu vinachuruzika damu, na mimi nimekumbuka kifungu.

Zahanatini mhudumu wa mapokezi aliuliza mimi ni nani wa mgonjwa, ndugu au mwajiri. Nikamwambia asubiri, kuna karatasi. Nikashika zipu ya mkoba. Vidole havikufungua. Nikajaribu tena, zipu ikawa nyekundu na haikwenda. Yule mhudumu, binti mwema, akaniuliza kama anisaidie kufungua.

Mzee alikuwa amelala kwenye benchi, kofia kifuani. "Msaidie," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma. "Itoe tu, mama. Mimi nilishasaini. Ila niliisaini kwa sababu najua karatasi haivuti kamba."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokamatwa utotoni nikiiba asali ya babu. Nikauweka mkoba sakafuni.

"Andika mwajiri," nikamwambia yule binti.

Akaandika. Nikagharamia matibabu yote, na chakula cha nyumbani kwake hadi mguu ulipopona. Wifi alipopata habari alivua miwani, akaivaa tena bila kutoa somo, jambo ambalo marehemu alikufa bila kulishuhudia. Kesho yake alianza kunijazia fomu za uajiri, anaandika huku akiguna, maana viganja vyangu vilikuwa vimefungwa na kalamu nilikuwa sishiki. Kwenye fomu palikuwa na swali la nani anasimamia kazi. Aliandika jina langu bila kuniuliza.

Mzee alirudi baada ya mavuno ya alizeti, anachechemea kidogo, na miti mipya ya panda aliyoikata mwenyewe. Wifi alimsomea haki zake za mfanyakazi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mzee akauliza kama kati ya hizo kuna inayomruhusu kuanza kazi sasa.

Nikakaa kwenye nguzo. Viganja vilikuwa vimepona lakini ngozi bado laini, na kamba iliponigusa nikashtuka, mzee akaniona. Hakushuka. Alikaa ukingoni, miguu ikining'inia, akangoja.

Nyuma yangu nikasikia viatu vinavuliwa. Wifi, na kucha zake za rangi, akakaa mavumbini akashika mkia wa kamba. Hakutaja mwajiri wala mkandarasi. Aliniambia nikaze miguu, nisije nikamwangusha mzee wa watu.