Maswali Yasomwayo kwa Sauti

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala, tena ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa bado ananyonya. Kusoma na kuandika alikupata katika shule ya viziwi, na useremala uko damuni: kitanda alichokiunda yeye hakilii hata watoto wakikirukia. Kilichokuwa kikimchemsha ni madereva wa kukodi. Kabati aliloling'arisha kwa msasa wiki nzima linafika kwa mteja limechunika ubavuni, na dereva anaapa kwamba alilipokea hivyo hivyo. Basi akaamua kujifunza udereva, abebe kazi yake mwenyewe.

Mwalimu wa udereva hakuwa na shida. Alichora ubaoni, na dada akafasiri kwa ishara. Nyumbani, meza ya chakula iligeuka njia panda: kikopo cha chumvi kilikuwa lori, kiberiti teksi, kijiko mtembea kwa miguu asiye na haraka. Dada akikosea nani apishwe, shemeji alikigonga kiberiti kwa kile kikopo mpaka njiti zikatawanyika, ili aione ajali aliyoisababisha. Kitabu cha alama za barabarani kilianza kuachia kurasa kwa kufunuliwa.

Siku ya mtihani wa nadharia niliwasindikiza, nikabaki barazani penye dirisha. Mtahini, bwana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa vikali, alisoma maswali kwa sauti na watu wakaandika majibu. Dada alisimama mbele ya shemeji akifasiri. Likaja swali la pembetatu iliyopinduliwa: inamtaka dereva afanye nini? Dada akaichora ile pembetatu hewani kwa vidole.

"Unampa majibu," mtahini akasema.

Dada akamweleza kwamba pembetatu ndilo swali lenyewe, yeye mwenyewe ndiye aliyeitaja. Hakusikilizwa. Alitolewa nje, akaja kusimama karibu nami dirishani.

Mle ndani usomaji uliendelea. Mtahini alikuwa akitembea nyuma ya madawati, hata midomo yake isionekane. Shemeji akaandika kwenye karatasi yake kwa herufi kubwa kwamba anaomba ayasome maswali mwenyewe, akaiinua juu. Mtahini akaisoma, akatikisa kichwa, akasema utaratibu ni maswali kusomwa. Kisha akaligeukia darasa.

"Kwanza huyu honi ataisikiaje?"

Baadhi wakacheka. Shemeji hakusikia kitu, ila meno aliyaona, akajua anayechekwa ni nani.

Akaandikiwa kwamba ameshindwa. Alipofika karakana alishika randa, akaparuza ubao mzuri mpaka ukawa mwembamba usiofaa hata kuwa rafu. Dada akamshauri waachane na mambo hayo, watafute dereva mwenye adabu. Alijibu kwa ishara za nguvu hata nikaona shingo imemvimba.

"Ningeshindwa kwa kutojua, ningenyamaza. Mimi sikuulizwa!"

Mtihani uliofuata alirudi, na safari hii hakuketi. Mtahini alipofungua karatasi ya maswali, shemeji alikwenda kusimama kando yake bega kwa bega, akaanza kusoma. Mtahini akasogea dirishani. Shemeji naye dirishani. Akahamia mlangoni, wakahamia wote. Akamwamuru akakae, akarudia kwa ukali zaidi, akimfokea mtu asiyesikia. Darasa lilikuwa limeshavunjika mbavu wakati mkuu wa ofisi, mama mmoja mwenye miwani, alipotoka chumba cha pili kuuliza kuna nini.

Dada alimweleza yote kutoka mlangoni, hakubakiza. Yule mama akamgeukia mtahini.

"Hiyo karatasi ukishaisoma unaipeleka wapi?"

"Kabatini."

"Basi kabla ya kabati, mpe."

Shemeji alifanya mtihani wake kwenye pembe ya meza ya mkuu, peke yake, akafaulu vizuri tu. Mtahini alipokuwa akimpa cheti cha matokeo alimwambia dada, kwa sauti ya mtu aliyetenda hisani, "Mwambie ashukuru. Tumemsaidia."

Dada akafasiri. Shemeji akamtazama yule bwana, akajibu kwa mikono, polepole.

"Anasemaje?"

Kwa wateja dada huwa anayapoza maneno ya mumewe. Siku ile hakupoza.

"Anauliza ashukuru nini. Karatasi ilikuwepo tangu mara ya kwanza."

Wakatoka. Mtihani wa barabarani aliupita pia, na siku hizi pikapu yake inafikisha makabati bila mchubuko. Jamaa wakikutana nyumbani wanapenda kusimulia alivyomfuata mtahini chumba kizima, wakicheka mpaka machozi. Dada humfasiria. Yeye hacheki. Wakifika hapo huinuka, anakwenda zake karakana.