Siku Mama Mkwe Aliposhuka Toba

Jamani, mimi nimemwona mama mkwe wangu akiwa hewani.

Sisemi kwenye ndege. Nasema hewani kabisa, juu ya baiskeli yangu, mkoba begani, anaelekea kwenye dimbwi la matope. Na mimi nyuma nakimbia nimeshika viatu vyake.

Kaeni mkao wa kusikiliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Kutwa nzima nimekunja mgongo, miguu inapiga pedeli, na pedeli yenyewe hainipeleki popote. Jioni nikisimama, mifupa inalia.

Ndiyo maana siku nilipoona watu wanaendesha baiskeli za milimani kwenye ile bustani kubwa ya mji, nikasema hapa ndipo pangu.

Kuna njia ya udongo inayopita katikati ya miti, na njiani wameweka vikwazo. Kuna magogo ya kuruka. Kuna bembea ya ubao, unaipanda upande mmoja, ukivuka katikati inakulalia upande wa pili. Mwisho wa yote kuna mteremko unaoitwa Toba.

Unaitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyefika chini yake bila kutubu.

Mke wangu hakuipenda ile baiskeli tangu mwanzo, na kusema kweli alikuwa na haki yake. Nilivunjika mfupa wa bega. Nikapona, nikarudi, nikateguka mkono. Nikamshonea mteja suruali kwa mkono mmoja, mguu mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake. Mteja akaniuliza hiyo suruali ni ya nani.

Halafu baiskeli ilikuwa inalala chumbani. Nje wangeiiba. Ililala upande wa mke wangu, kwa sababu upande wangu ni ukuta.

Asubuhi moja akaamka, akajigonga ugoko kwenye pedeli. Akakaa kitandani akiusugua. Hakunigombeza, na hapo ndipo nikajua maji yamezidi unga.

"Chagua," akasema. "Baiskeli au mimi."

"Mke wangu, hivyo ni vitu viwili tofauti."

"Vizuri umeliona hilo. Basi kimoja kinaondoka."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akachukua simu, akampigia mama yake.

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe wangu. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Somo lake lilikuwa Kiswahili, na hasa sarufi. Ukimtumia ujumbe wa simu, kabla ya kukujibu anakurudishia ujumbe wako mwenyewe, herufi kubwa zikiwa zimewekwa mahali pake.

Na anaheshimu maandishi kupita kiasi. Mlango ukiandikwa SUKUMA, atausukuma hata kama anaona watu wote wanauvuta. Tulishawahi kukaa nje ya benki nusu saa kwa sababu hiyo.

Alifika Ijumaa. Akaketi sebuleni, akasikiliza upande wa mke wangu, ukaisha. Kisha akanigeukia. Upande wangu ulikuwa mfupi.

"Mama, nikiwa kule najisikia mtu."

Akanitazama. "Na hapa nyumbani unajisikia nini?"

Mke wangu akaangalia dirishani. Moyo uliniuma, maana nampenda yule mwanamke na sikutaka aondoke. Lakini baiskeli nayo nilikuwa naipenda, na ulimi haukupata njia ya kusema yote mawili.

"Siwezi kusahihisha mtihani ambao sijausoma," mama mkwe akasema. "Kesho asubuhi twende nikaone."

Kesho yake mke wangu alikuwa na zamu kwenye duka la dawa. Tukaenda wawili. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nimwonyeshe pale tambarare mwanzoni, aone vipepeo, turudi nyumbani, anihurumie.

Tulipofika akaitazama ile njia. Akaitazama baiskeli. Akanyoosha mkono.

"Hebu lete."

"Mama, unataka kuipanda?"

"Miaka yangu yote ya ualimu nimekwenda shule kwa baiskeli. Unadhani nilikuwa naibeba kichwani?"

Tatizo likawa gauni. Lilikuwa limebana chini, na aliyelishona ni mimi.

"Una mkasi?" akauliza.

Fundi hatembei bila mkasi. Nikampa ule mdogo wa kukatia nyuzi, akaenda nyuma ya kichaka. Mimi nikageuka, nikakaza macho kwenye mti, maana kuna mambo ambayo mkwe hatakiwi hata kuyasikia. Lakini niliusikia mshono wangu ukifumuka. Nilikuwa nimeupiga mara mbili, kwa hiyo ulimchelewesha.

"Mshono mzuri," akasema kutoka huko.

"Asante, mama."

Akarudi, akavua viatu vya visigino, akanikabidhi. Akafungua mkoba, akatoa raba. Mtu anayekuja kuamua kesi akiwa na raba kwenye mkoba ni wa kuogopwa, lakini mimi akili haikufika huko. Akavaa helmeti yangu, akapanda, akaondoka.

Mwanzoni nilikuwa natembea pembeni yake. Baadaye nikawa najikongoja mbio. Baadaye nikawa nauona mgongo tu.

"Mama, mbele kuna gogo, zunguka!"

Hakuzunguka. Nilisikia kishindo, nikafumba macho. Kufumbua, gogo liko nyuma na yeye yuko mbele anarekebisha mkoba begani.

Ndipo akafika juu ya Toba.

Sasa hapa msikilize vizuri. Wiki hiyo meneja wa bustani alikuwa amechoka kuitiwa gari la wagonjwa. Akaamua kwamba mtu akifika pale juu asiendelee kuendesha, bali ashuke kwenye baiskeli na kuikokota kwa miguu. Akamwagiza fundi wa mabango aandike hivyo. Fundi wa mabango akapenda herufi kubwa, zionekane kwa mbali. Zikawa kubwa kiasi kwamba ubao ukaenea neno moja tu.

SHUKA.

Kwa rangi nyekundu.

Sisi wenyeji tulikuwa tunajua maana yake. Mama mkwe hakuwa mwenyeji. Alikuwa mwalimu wa sarufi aliyefika kwenye ukingo wa mteremko, akakuta kitenzi kinamwamrisha.

Nikamwona anapunguza mwendo. Nikamwona anasoma. Nikashusha pumzi, nikasema Mungu mkubwa, bango litamzuia. Na ili kumsaidia, nikapaza sauti.

"Mama, shuka!"

Akageuza kichwa. "Hapa?"

"Hapo hapo mama, shuka!"

"Nimeshasoma," akanijibu. "Sihitaji kukumbushwa."

Akashuka.

Akashuka Toba yote.

Nilikimbia nikiwa nimenyanyua viatu vyake juu, sijui nilitegemea vimsaidie nini. Niliona helmeti ikitokeza na kupotea kati ya miti. Akaipata bembea nyingine ya ubao, iliyo katikati ya mteremko, ikamlalia upande wa pili kwa adabu, akaendelea. Chini yake kuna tuta la kurukia, ambalo mimi mwenyewe huwa nalikwepa na kusema nyonga inaniuma.

Hakulikwepa.

Pale chini walikuwepo vijana wa baiskeli wamekaa kwenye majani. Walipomwona mtu mzima anawajia juu kwa juu, wakasimama wote kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema akiwa bado hewani.

Halafu dimbwi.

Nilipofika, mlinzi wa bustani alikuwa amesimama ukingoni kashika kichwa. "Tafuteni shuka," akawaambia vijana, "tumbebe."

"Kaka," nikamwambia, "neno hilo leo usilitaje tena."

Simu ikaita. Mke wangu.

"Mama yuko wapi?"

"Ameshuka."

"Afadhali. Nilikuwa naogopa asije akapanda."

Nikakata. Mimi siyo mtu wa kukatia mke simu, lakini siku hiyo mdomo ulikuwa hauna kazi.

Mama mkwe akainuka mwenyewe kutoka kwenye tope. Hakuwa na mchubuko. Akajipangusa macho, akauliza kwa utulivu nani ameandika lile bango. Meneja akaitwa, akaja mbio na tai yake.

"Mama, nilimaanisha watu washuke."

"Nami nimeshuka."

"Washuke kwenye baiskeli, mama."

"Sasa hicho kitenzi mbona umekiacha peke yake? Mtu akisimama juu ya mteremko ukamwambia shuka, unategemea aende wapi?"

Meneja akalegeza tai. Vijana wote walikuwa wameinamisha vichwa, hata wasiohusika.

Tukarudi nyumbani. Mimi nilijua nimekwisha. Nimemtumbukiza mama wa watu kwenye matope, na huyo huyo ndiye hakimu. Mke wangu, aliyekuwa ameacha zamu yake nilipomkatia simu, alipotufungulia mlango akaanza kulia, akamkumbatia mama yake, wakachafuka wote wawili. Alinitazama juu ya bega la mama yake, na macho yale sitaki kuyaona tena.

Mama mkwe akaoga, akakaa, akatoa hukumu.

"Mume anabaki. Baiskeli inaondoka. Na ili isije ikarudi kwa mlango wa nyuma, naondoka nayo mimi."

Mke wangu akapumua. Mimi nikasema sawa, mama. Nikaishika breki mara ya mwisho nikijifanya naipangusa, kisha nikaifunga mwenyewe juu ya gari lililokuja kumchukua.

Nikarudi kwenye cherehani. Mke wangu alinifanyia kila jema siku zile, na mimi nilimjali kwa kila hali. Lakini nilikuwa nimepooza, na yeye aliona. Usiku alikuwa anapapasa ile nafasi tupu upande wake wa kitanda.

Halafu baba mkwe akapiga simu.

Baba mkwe ni mtu mpole, fundi saa mstaafu, haongei kwa sauti. Siku hiyo aliongea kwa sauti.

"Mkwe, njoo na mwenzio. Nimemwambia mama yenu achague, baiskeli au mimi."

"Akasemaje, baba?"

"Kaomba muda wa kufikiri."

Tulifika tukakuta mlango wa jikoni haupo. Ulikuwa uani, umelazwa juu ya gogo, umekuwa bembea ya ubao. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji, na walimu wenzake wastaafu wamepanga mstari kuja kumpa pole. Wote walikuwa na magoti yenye vumbi.

Baba mkwe akaninyooshea kidole. "Chanzo ni wewe. Amua."

Nikatazama ardhi. Nikamtazama mama mkwe. Nikaiona baiskeli yangu imeegemea ukuta, mnyororo unang'aa kwa mafuta, inatunzwa kuliko nilivyoitunza. Sauti ikanitoka yenyewe.

"Mama anabaki. Baiskeli inaondoka. Naondoka nayo mimi."

"Hakimu huyu ana maslahi kwenye kesi," mama mkwe akasema.

Baba mkwe akanishika mkono kwa nguvu, machozi yanamlenga. Alinishukuru mpaka nikaona aibu.

"Mwacheni achukue," mama mkwe akaendelea, akinyoosha mguu. "Hiyo haina springi nyuma. Nimeshaagiza yenye springi."

Baba mkwe akaniachia mkono, akatafuta mahali pa kukaa.

Tulirudi kwa teksi. Baiskeli haikuenea kwenye buti, gurudumu la mbele tukalifungua, mke wangu akalipakata. Nilisubiri anilipukie. Hakunilipukia. Alikuwa analizungusha polepole kwa kidole, anaangalia nje.

Mwishowe akasema, "Nilikushtaki kwa mama, mama akaharibika. Baba akamshtaki mama kwako, umetoka na kidhibiti."

"Nisamehe, mke wangu. Nirudi nikaiache?"

"Uiache pale, na baba naye aipande?"

Dereva akakohoa.

"Sina tena wa kumwendea," mke wangu akasema. Akalizungusha gurudumu tena, akaliacha liende mpaka likasimama lenyewe. "Kesho nifundishe. Lakini unianzishie kwenye breki."

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Wala sioni haya kuwaambia kwamba nililia mle kwenye teksi, na dereva akanipa kitambaa.

Basi ndugu zangu, funzo langu ndilo hili. Kama kuna kitu cha mwenzako hukipendi, kionje kwanza ndipo umshtaki. Ila ukishakionja, ujue kesi imeshakufa, na kidhibiti mtagombania wote.