Mwanamke Aliyeshika Kamba ya Bwana Yangu

Mukankusi mnamsifu nyote. Sasa ngojeni mimi niliyemchukia niwape habari zake.

Alizaliwa Katanga, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, maana baba yake alipelekwa kuchimba huko zamani za Wabelgiji. Akiwa msichana aliwekwa mlangoni mwa shimo kuwagawia wachimbaji taa. Akaolewa, akafiwa, akarudi Rwanda mwaka wa tisini na sita na sanduku moja tu, akapewa shamba la mihogo karibu na letu hapa Gitambi. Mrefu, mweusi wa kung'aa, hacheki ovyo. Nilimchukia tangu siku ya kwanza kwa sababu Habineza, bwana yangu, alimsalimia mara mbili.

Mwaka wa tisini na nane, vita imeanza tena ng'ambo ya mto, kituo chetu cha afya hakikuwa na maji. Lakini pompi nzima ya kuvuta maji ilibaki ndani ya mgodi wa zamani wa bati, uliozibwa kwa ukuta wa mawe miaka mingi. Habineza ni fundi wa mashine. Akasema ataingia kuifungua na kuitoa, atafungwa kamba kiunoni na mtu wa nje ataishika. Mimi nikajua ni kazi yangu. Ya nani mwingine?

Wapi! Akarudi nyumbani akasema, "Kamba atashika Mukankusi."

"Kwa nini yeye?"

"Anajua mambo ya hewa, Maman Ganza. Ile ya mule ndani haina harufu, na inaua."

Jamani, roho iliniuma! Miaka kumi na minne ya ndoa, batoto batano, halafu uhai wake anampa mwanamke mwingine aushike.

Yule mama akaanza kuamuru. Ukuta utobolewe juu, kilimani nako lipigwe tundu la pili (hilo wanaume walilikataa), siku nne muntu asiingie. Kisha akafunga taa ya moto kwenye mti mrefu, akaisukuma ndani. Moto ukanywea. "Bado," akasema. Wanaume wakanung'unika, ila Habineza alimsikiliza kama mtoto wa shule. Mimi nilipeleka chakula kila siku, si kwa upendo, nasema kweli. Nilikwenda kuwachunga.

Siku ya saba taa iliwaka vizuri. Mukankusi akamfunga kamba kiunoni (kwa mikono yake, mbele yangu!) akamkumbusha: kuvuta mara moja ni salama, mara mbili nitoeni, mara tatu niongezeeni kamba. Kwenye kamba alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Kikifika mkononi, mwisho, anarudi.

Habineza akaingia na taa yake mkononi. Kamba ikatembea polepole mpaka kitambaa kikafika. Mara ikavutwa: moja, mbili, tatu.

"Hapana," Mukankusi akasema.

Hapana? Bwana yangu anaomba, yeye anakataa? Damu ikanichemka. Nikamsukuma, nikanyakua kamba. "Huyu ni wangu!" Nikamwachia Habineza kamba mikono miwili, mitatu, na nilifurahi, Mungu anisamehe, maana sasa alikuwa anaongea na mimi.

Mukankusi akanipiga kiwiko cha kifua, nikaanguka. "Muvute! Mbio!" Wanaume watatu wakavuta. Habineza akatoka akiburutwa kwenye matope, midomo ya buluu, anacheka kama mlevi. Taa yake ilikuwa imezimika zamani na yeye akaendelea kwenda gizani, ile hewa imemlevya, anajisikia vizuri kabisa. Kisha akatapika, akaacha kucheka.

Nililia. Mukankusi hakunitukana. Alisema tu, "Kaka yangu kule Katanga aliniomba kamba mara tatu. Nilimupa." Akakunja kitambaa chake, akaenda zake.

Wakatoboa tundu la pili juu ya kilima ili hewa ipite, kama alivyotaka yeye tangu mwanzo. Baada ya wiki moja Habineza akasema anarudi ndani. Hakusema nani atashika. Aliniangalia, akaniachia mimi nichague.

Asubuhi nikaenda kwa Mukankusi, wivu wangu bado mzima tumboni. Nilimkuta na kapu la mihogo.

"Njoo umushikie kamba."

"Nitakuja. Lakini wewe ubakie hapa. Kule sikutaki."

Aka! Nikae nyumbani kwake, yeye aende kwa bwana yangu! Nikachukua kisu. Nikamenya mihogo yake yote. Saa saba kelele zikasikika kilimani, nikashindwa kujua kama ni shangwe au kilio. Nilitaka kukimbia, nikajishika kwenye kiti.

Mukankusi akatokea njiani peke yake, viganja vinatoka damu kwa kamba.

"Bwana yako anateremuka na pompi. Nenda umupe maji."

Nikamrukia shingoni, nikalia kama mtoto. Na hapo hapo, nimemkumbatia hivyo, wivu ukanichoma upya: yeye ndiye aliyemuona akitoka.