Kitambaa Ndani ya Pikapu

Mtaani walimwita Spana, na mkewe naye alimwita hivyo siku akimkasirikia. Fundi wa magari, mbishi kuliko injini ya dizeli asubuhi ya baridi. Nguvu ya injini aliipima kwa kiganja: anakiweka kwenye mdomo wa bomba la hewa, injini inavuta, yeye anafumba macho. "Hii nzima." Au, "Hii imechoka, mwenyewe ajiandae." Na ndivyo inavyokuwa.

Halafu akaanguka, upande wa kulia ukafa ganzi. Akalala muda mrefu, maneno hayatoki. Bintiye, fundi naye, akabaki na gereji na funguo zake. Pikapu ambayo mzee alikuwa ametoka kuifumua injini na kuifunga upya ikabaki nje, kando ya ukuta wa jiko.

Siku alipoweza kushika kijiko bila kumwaga mchuzi, alimwita binti.

"Ile pikapu ndiyo kazi yangu ya mwisho. Ipime na hicho kidude chako cha kupimia injini. Ikiwa nzima, nipe funguo zangu. Ikiwa imechoka, basi huu mkono ulianza kuharibika kabla sijaanguka, mimi sijui, na sitagusa tena gari la mtu."

"Baba, kwani huu mtihani?"

"Mtihani."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akasonya. "Mtu mzima anajitungia mtihani mwenyewe, halafu usiku kucha anageukageuka kitandani."

Binti akachomeka kidude chini ya usukani, simu ikaanza kuonyesha hewa inayoingia kwenye injini, gramu kwa sekunde. Akamweleza baba: injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa inayovuta. Unapanda kilima umekanyaga mpaka chini, unachukua namba kubwa kuliko zote, unaiongezea robo yake. Gramu themanini, hospawa mia, yaani nguvu za farasi mia. Ni kukadiria tu, lakini hukosi mbali.

"Yaani kiganja changu, ila kina kioo," mzee akasema.

Wakapanda kilima. Pikapu ikaguna kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Arobaini na nne. Wakarudia. Arobaini na nne.

"Hamsini na tano," binti akasema polepole. Injini ile ilitakiwa kukaribia mia.

Mzee akautazama mkono wake uliolala mapajani. "Funguo kaa nazo."

"Baba, labda kuna..."

"Nimesema kaa nazo."

Nyumbani aliteremka bila kumtazama mtu. Mama akamvuta binti kando. "Mmemfanya nini baba yako?"

"Injini haivuti, Mama. Kama imezibwa pale mbele hewa inapoingilia."

Mama akaweka kisu chini. "Pale kwenye bomba? Si nilitia kitambaa."

"Kitambaa!"

"Panya walitaka kuzaa mle. Yeye kalala, hata jina langu hawezi kulitamka, na gari lake nalo liliwe? Nilikishindilia vizuri. Ningemwambia nani?"

Mzee alisikia. Akarudi, akafungua boneti. Binti aliponyoosha mkono kusaidia, akasukumwa kwa kiwiko. Mzee akaingiza mkono wa kulia, ule ule. Vidole vikapapasa, vikagota kwenye kitu laini, vikakijua kabla ya macho: kitambaa cha kichwa cha mkewe, cha njano, kilichochakaa pindoni. Akakivuta taratibu.

Kilimani mara hii pikapu ilikwenda bila kuguna. Sabini na sita.

"Tisini na tano, Baba!"

Mzee alifungua kiganja cha kulia, binti akaweka funguo, vidole vikafumba.

Jioni mama akadai kitambaa chake.

"Hupati. Nitakifutia spana zangu."

"Kina matundu, mzee wangu."

"Hivyo hivyo," akasema, akakisukumiza ndani zaidi mfukoni.