Kasi ya Mara Ishirini na Nne

Kwenye boksi la mashine yangu ya kuchomea DVD iliandikwa 24x, kwa herufi nyekundu zilizoinama mbele kama zinakimbia. Sina cha kuficha: niliinunua kwa ajili ya zile herufi. Wiki hiyo hiyo nikamwita mchora mabango, akaniandikia kwenye ukuta wa nje wa stesheneri yangu pale Mafiga: TUNACHOMA DVD KWA KASI YA MARA 24. Chini yake alitaka kuongeza "Karibu wateja", nikamkatalia. Niliona kasi yenyewe inatosha kuwakaribisha.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. DVD iliyojaa, ikichomwa kwa kasi moja ya kawaida, inachukua kama saa nzima. Gawanya kwa ishirini na nne, unapata dakika mbili na nusu. Nilipenda kuwafanyia wateja hesabu hiyo pale mezani, kwa kalamu, nyuma ya bahasha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini basi anasubiri.

Mjini watu walikuwa wameshaanza kuzisahau diski, wanarushiana video kwenye simu. Milimani mambo yalikuwa tofauti. Kule Mgeta karibu kila nyumba yenye televisheni ina deki chini yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wazee wanaamini kabisa kwamba cha kwenye simu kinafutwa lakini diski ni kitu unachokishika. Ndiyo maana mama mmoja muuza karoti na kabichi sokoni, mteja wangu wa muda mrefu, alinikodi nipande na kamera yangu kwenda kwa mama yake mzazi.

Bibi huyo alikuwa amevuka themanini, na ndiye mkubwa wa ukoo. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo neno lake ndilo neno. Alikuwa ameita nyumba zote kumi na nne za ukoo aseme shamba la bondeni, lile lenye maji mwaka mzima, atamwachia nani. Nyumba tano zikaja. Tisa zikatuma udhuru na sukari.

Yule mama wa sokoni ndiye mwanawe aliyebaki naye. Miaka tisa alikuwa analima lile bonde, anashuka mjini na mboga, anarudi kumwogesha mama yake. Asipotajwa yeye, anatoka na jembe lake tu. Aliniambia hivyo njiani, bila kulalamika, kama mtu anayekutajia bei ya nauli.

Tulikula, wakaimba, wakasali, nami nikarekodi vyote. Ulipofika wakati wa maneno, bibi akawatazama wale wa nyumba tano, akakataa. Alisema hatasema mara mbili. Akiwaambia hawa tu, wale tisa watasikia kwa midomo ya watu, na neno likipita kwenye mdomo wa mtu linatoka limeota mkia. Akawatoa wote nje, pamoja na mwanawe. Nikabaki mimi na kamera, kwa sababu moja tu: Kiluguru changu kinaishia kwenye salamu na chakula. Akaiambia kamera maneno yake kwa robo saa, akinyoosha kidole, kisha akatoa amri. Kila nyumba ipate diski yake, na zote zifunguliwe Jumapili moja, baada ya misa.

Jumamosi yule mama akaja dukani saa tano. Gari la Mgeta lilikuwa linaondoka saa saba, na diski za nyumba za ukoo zilizoko Kilakala na Kingolwira alishapata wa kuzipeleka. Nikamwambia, "Mama, kaa unywe chai. Diski kumi na nne kwangu ni nusu saa na ushee." Nikamwonyesha na boksi.

Diski ya kwanza ilipofikisha robo saa haijaisha, niliikatisha kwa hasira nikaitupa.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana siku ile nilijifanya sikijui. Ile ishirini na nne ni kasi ambayo mashine inaifikia ukingoni tu, dakika za mwisho mwisho. Kuchoma kunaanzia ndani, karibu na tundu, ambako mzunguko ni mfupi; ni kama watoto wa shule wanaozunguka uwanja, wa ndani na wa nje wanafika pamoja lakini wa nje ndiye aliyekanyaga ardhi nyingi. Halafu diski tupu nayo ina namba yake. Zangu zilikuwa za kununua kwa rundo, zimeandikwa kumi na sita, na hata hiyo sijui aliyeiandika alikuwa anamtania nani. Mashine ikiionja diski na kuiona dhaifu, inapunguza mwendo yenyewe, kwa busara zake. Ongeza kompyuta yenye umri wa mwanafunzi wa sekondari, inayomlisha mwenzake data kwa kijiko. Ongeza muda wa kufunga diski mwishoni, ambao hakuna boksi linaloutaja. Na baada ya hapo kuna kuhakiki, yaani mashine inaisoma upya diski nzima kuona kama imeandika kweli.

Kuhakiki nikakuzima. Busara za mashine nikazizima pia, nikailazimisha kasi ya juu kabisa. Ikanipa dakika sita kwa kila diski, na saa saba kasoro dakika chache nilikuwa nimemkabidhi yule mama diski zake kumi na nne. Nilikuwa nimezijaribu zote kwenye deki ya dukani, dakika moja moja za mwanzo. Watu waliimba vizuri mno. Niliona fahari, kwa kweli.

Jumatatu akarudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuvuta stuli.

"Fundi, mama amekwama mdomo wazi."

"Kwenye diski ipi, mama?"

"Zote. Nyimbo zinakwenda, sala zinakwenda, ametaja mipaka ya shamba, mto, mgomba wa kona. Akasema, na shamba hili nampa. Basi, hapo hapo. Kumi na nne, zote."

Nilikuwa nimezijaza diski hadi ukingoni kabisa, na ukingoni ndiko kasi inakokuwa kali na diski za rundo zinakokuwa mbovu. Kazi ya kipumbavu ilikuwa imefanyika kwa usahihi mkubwa. Angenifokea ningejitetea, ningesingizia umeme. Hakufoka. Aliuliza tu kama maneno bado yapo, nikamwambia yapo kwenye kompyuta, akashusha pumzi. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka napata joto la masikio.

Nikazichoma upya kwa kasi ya nne. Nikahakiki kila moja, nikaitazama robo saa ya mwisho ya kila moja, mpaka nikawa najua kidole cha bibi kinanyooka wapi ingawa sikujua anasema nini. Ilinichukua siku mbili. Alhamisi nikapanda Mgeta na yule mama, laptop begani endapo lolote litakataa.

Uwanja wa bibi ulikuwa umejaa. Mtu yuko juu ya paa anagongelea bati jipya. Mwanamke aliyetoka Dar es Salaam na kucha zake ndefu anamenya viazi. Kuni zimepangwa mpaka dirishani. Kila nyumba ilikuwa imekuja kuuliza bibi alitaka kumalizia vipi, na bibi alikuwa anawajibu wote jibu moja, kwamba hasemi mara mbili, wamngoje fundi.

Akaniita ndani peke yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizi nazo zitakwama?"

"Hapana, bibi. Ni nzima zote."

Akaupokea mfuko, akauingiza chini ya godoro, akaukalia.

"Mara ya mwisho kuwaona wote ni siku tuliyomzika baba yao," akasema. "Waambie mashine yako bado."

"Bibi, mashine yangu imeandikwa ishirini na nne."

"Waambie uko kwenye moja. Mvua zikianza nitazitoa mwenyewe."

Nikatoka nje, mimi mwenye bango ukutani, nikawatangazia watu wa nyumba kumi na nne kwamba mashine za siku hizi ni za polepole sana. Wakaniamini mara moja. Yule wa kwenye paa akarudia misumari yake.

Yule mama alikuwa anaosha masufuria ya wageni. Alipomaliza akanisindikiza barabarani, tukakaa juu ya magunia ya kabichi kungoja gari.

"Wiki nzima anacheka," akaniambia. "Mimi ananiambia tu, leta maji, leta shuka. Hawa kwake ndio watu waliokuja." Akaifuta mikono kwenye kanga. "Fundi, humo kwenye laptop imo?"

"Imo."

"Niwashie."

Nilifikiria amri ya bibi. Alikuwa amekataza diski. Laptop hakuitaja, na mimi nilikuwa na deni la aibu kwa mama huyu. Nikaifungua kwenye magoti yake, nikaipeleka pale mipaka inapotajwa. Mto ukapita, mgomba ukapita. Bibi akanyoosha kile kidole ninachokijua, akaendelea kusema, na yule mama akajiziba mdomo kwa kanga.

"Ni mimi," akasema ilipoisha. "Amesema ni la huyu anayeamka alfajiri kumpashia maji ya kuoga. Anasema ananisikia kila siku nikipuliza moto na kukohoa, anajifanya amelala, asije akalia mbele yangu."

Nikatazama barabara.

"Miaka tisa, fundi. Nilikuwa natembea kwa vidole nisimwamshe. Kumbe alikuwa macho."

Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha.