Waipa Mbili za Urefu Mmoja

Shangazi yangu ni katibu wa chama cha wafanyakazi wa usafi, na watu humwita Rula. Jina alilipata kihalali. Tulipokuwa watoto alipima mkate kwa rula ya shule kabla ya kuukata, na kipande kilichozidi kilipunguzwa mpaka haki itendeke. Tulikula makombo mengi, lakini hakuna aliyemzidi mwenzake. Ofisini kwa chama viti vyote vina kimo kimoja, kikiwemo chake, ambacho alikikata miguu kwa msumeno na tangu siku hiyo kinayumba.

Wanaomcheka hawajui alikotoka. Alisugua ngazi za maofisi ya watu enzi ambazo msimamizi aliwapa vipenzi vyake vyumba vyenye zulia na waliobaki akawapa vyoo. Yeye ndiye aliyepambana mpaka kampuni ikakubali kila mfanyakazi abebe ndoo sawa na apande ngazi sawa na mwenzake. Ushindi ule nausifu mpaka leo, na anayeuona mdogo ajaribu kupanda ngazi na ndoo iliyojaa.

Kisha kampuni ikamfukuza Mama Pacha, mama mtu mzima aliyepasuliwa mgongo na aliporudi akashindwa kupandisha ndoo. Shangazi akapeleka lalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi. Sharti lilikuwa wazi: mlalamikaji akichelewa, lalamiko linafutwa, na kazi ndiyo basi tena. Ofisi ya msuluhishi ilikuwa mji wa pili, mvua zilikuwa zimeanza, na waipa za kigari cha Shangazi zilikuwa na raba zilizochanika, zikipaka maji kwenye kioo badala ya kuyafuta. Siku moja kabla ya safari tukaenda duka la vipuri.

Muuzaji akatoa waipa mbili, moja ndefu, moja fupi.

"Ndefu ya dereva, fupi ya abiria."

"Kwa nini ya abiria iwe fupi?"

"Ndivyo gari lilivyoundwa, mama."

"Aliyeliunda alimuuliza abiria?"

Muuzaji akanigeukia kama daktari anayemtafuta ndugu wa mgonjwa. Sikumsaidia, swali nililiona zuri.

"Zikiwa ndefu zote zitagongana," alisema.

"Zitazoeana. Lete ndefu mbili."

"Basi mwagia kioo maji, uzijaribu hapa hapa."

"Mvua itazijaribu yenyewe."

Shangazi alizifunga kwa mkono wake, maana hapendi mtu ainame kwa ajili yake. Alitandika taulo kioo kisipasuke, akainua mkono wa waipa, akabana klipu, akachomoa ya zamani, akachomeka mpya mpaka ikalia ka! Kazi safi kabisa. Zilipolala, ncha ya moja ilipanda juu ya nyingine.

"Zimeshikana mikono," alisema, akatupa za zamani jalalani.

Asubuhi mvua ilitukuta katikati ya safari, nzito, ya kumwagwa. Shangazi akawasha waipa. Zilipanda pamoja, zikashuka pamoja, zikakutana. Moja ikamrukia mwenzake, zikasokotana katikati ya kioo, mota ikaguna na hatukuona tena barabara. Akaegesha pembeni.

"Katibu," Mama Pacha aliuliza kutoka kiti cha mbele, "hizo zinagoma au zinapigana?"

"Zinagoma."

"Basi zisuluhishe. Si kazi yako?"

Shangazi hakucheka. Alitazama saa, akatazama mvua.

"Toa hii ya kwangu," Mama Pacha akasema. "Mimi siendeshi."

"Haiwezekani. Tukitoa, tunatoa zote mbili."

"Halafu utaendesha kwa kupapasa? Katibu wangu, mimi nimekuja kutafuta kazi yangu. Sikuja kuangalia mandhari."

Shangazi akazima waipa. Akashuka, akazikwamua, akachomoa waipa ya abiria, na ule mkono uliobaki uchi akauzungushia leso yake usikwaruze kioo. Akarudi ameloa chapachapa. Njia iliyobaki dereva aliona vizuri, na abiria hakuona kitu. Tulifika msuluhishi akiwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Meneja wa kampuni alikuwa mkavu, kiatu kinang'aa.

"Sisi hatubagui," alisema. "Ndoo sawa, ngazi sawa, kwa kila mtu. Na hilo hatukulibuni sisi. Katibu aliyekaa pale ndiye aliyetudai, tena kwa kipaza sauti."

Uso wa meneja ulijaa furaha ya mwizi aliyekuta mlango wazi. Nilikunja ngumi chini ya meza. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka pindo la gauni la Shangazi.

"Ni kweli, nilidai," alisema. "Nilidai bila kuuliza mgongo wa nani una mshono. Nilikosea, na nyinyi mmelishika kosa langu kwa mikono miwili kwa sababu linawafaa. Mama huyu apewe ghorofa ya chini, ndoo asipandishe. Kama huo ni upendeleo, andikeni kwamba nimeuomba mimi."

Msuluhishi akaamuru hivyo hivyo. Mama Pacha alilia, kisha akamwomba meneja ampishe mlangoni.

Ungedhani tungesherehekea. Jumatatu, kabla Shangazi hajafungua ofisi ya chama, wasafishaji walikuwa wamejaa kibarazani, wamefura. Mbele yao alikuwa msichana aliyejifunza siasa yote kutoka kwa Shangazi mwenyewe.

"Katibu, mbona Mama Pacha peke yake ghorofa ya chini? Hapandishi ndoo, na mshahara mzima? Usawa wetu umeuuza kwa nani?"

Wakapiga makofi. Kwa aibu yangu, hata mimi nusura nipige. Hoja ilikuwa imepangwa vizuri.

Shangazi akavuta kiti chake kinachoyumba, akakaa, akamwonyesha msichana kiti kingine.

"Tuanze na wewe. Unaumwa wapi?"

 Msichana akawatazama wenzake waliokuwa nyuma yake, kisha akaketi taratibu, akavuta sketi juu kidogo.

"Goti," alisema. "Hili la kushoto."

Nyuma yake foleni ikaanza kujipanga.